Mganga Haokoti Bunduki Ndefu

Mtu aliyekuwa na mamlaka ya kunipa mke au kuninyima alikaa kiti cha pili kutoka changu, mkono juu ya mausi ya kompyuta, na hakujua kulenga hata kidogo. Hilo ndilo lililonikondesha mwaka ule.

Chumba kilikuwa hapa Lindi mjini, nyuma ya stendi. Zamani kilikuwa cha intaneti, watu wakija kuangalia matokeo ya mitihani na kuandika barua za kazi. Simu za kupangusa zilipoingia kila mfukoni wateja wakakata mguu, mwenye chumba akabaki na kompyuta nane kuukuu na feni moja. Akaziunganisha kwa waya, akaweka mchezo mmoja wa vita, wanne kwa wanne, na chumba kikajaa tena. Tulikuwa tunaingia baada ya Alasiri. Ikiadhiniwa Magharibi anazima swichi kubwa ya ukutani, uwe unashinda au unashindwa, kwa sababu msikiti ulikuwa mlango wa tatu na hakutaka maneno na watu.

Mwanzoni mchezo haukuwa na sheria. Ukifa unarudi, unachagua silaha unayoitaka. Kila mtu alitaka bunduki ndefu ya darubini, ile ya kumpiga aliye mbali bila yeye kukuona. Basi watu wanane tulikuwa tunalala kifudifudi juu ya vilima, kila mmoja anamchungulia mwenzake, na bendera iliyokuwa katikati ya uwanja haina mwenyewe. Siku moja ilipita saa nzima hajafa mtu. Dereva bodaboda wa timu yetu, asiyejua kuweka neno moyoni, akauliza kama tumekuja kucheza au tumekuja kulinda ghala.

Ndipo mwenye chumba alipoingia kwenye mipangilio akafunga. Tangu siku ile kila timu ikawa na kazi nne, na kila kazi mtu mmoja. Mshambuliaji na bunduki ya kawaida, fundi na mabomu ya kutega, mdunguaji na bunduki ndefu, halafu mganga. Mganga alipewa mkoba wa dawa na kibastola ambacho ukimpiga nacho mtu anageuka kuangalia nani anamtania. Mwenzako akianguka, mganga ana sekunde ishirini za kumfikia, kumwinamia na kushikilia herufi F mpaka ainuke. Mwingine hawezi. Kazi ikishachukuliwa, kisanduku chake kinakuwa cha kijivu kwa wengine, bonyeza mpaka kidole kiume. Na ukikuta bunduki ya mwenzako chini ukajaribu kuiokota, yanatokea maandishi mekundu ya Kiingereza ya kukuambia kwamba silaha hii si ya kazi yako. Nimesimama juu ya bunduki ndefu mara nyingi nikiyasoma maandishi yale, huku risasi zinanimiminikia.

Bunduki ndefu ya timu yetu ilikuwa mikononi mwa mkubwa wetu. Alikuwa mpima korosho ghalani, mtu mzima wa miaka karibu arobaini, mpole, mwenye mazoea ya kuona watu wanasimama kimya mpaka mzani utulie. Hakuna aliyempangia kazi ile. Siku ya kwanza tulisubiri abonyeze yeye kwanza, kwa sababu kwetu mdogo hatangulizi mkono sahanini mkubwa akiwepo. Akabonyeza bunduki ndefu. Dereva akachukua ushambuliaji, mwalimu mmoja wa shule ya msingi akachukua ufundi. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote. Nikabaki na mkoba.

Alipiga mawe, alipiga miti, siku moja alimpiga risasi ng'ombe aliyechorwa mbali kule kama pambo tu. Alikuwa anapanda kilima, anasimama wima badala ya kulala, anadunguliwa. Mimi natoka bendera ilipo, nakimbia uwanja mzima na kibastola changu, nampandia kule juu, F, anainuka. Anasema, "Ahsante, bwana mdogo." Kabla sijashuka nusu ya kilima ameshaanguka tena. Narudi. Hivyo ndivyo nilivyocheza mwaka mzima, na sikuwa na kinyongo, mpaka lilipoiva jambo lililoanzia kwenye simu moja.

Mimi ni fundi simu. Kwetu ni Kipatimu, Mmatumbi wa kuzaliwa milimani, na meza yangu iko mbele ya duka la vitambaa. Siku moja alikuja dada mmoja na simu isiyopokea chaji. Nikaifungua nikakuta tundu la chaji limejaa unga wa muhogo. Nikamwambia, "Dada, simu hii umeisonga ugali?" Akanijibu bila kucheka kwamba ameisonga, na mimi ndiye niliyekaribishwa, ninawe mikono. Nikampenda pale pale. Sizungushi maneno. Nilimpenda, na kwa miezi minane simu ile iliharibika mara nyingi kuliko simu yoyote niliyopata kuiona.

Siku aliponielekeza kwao ili niwatume wazee, nikasikia jasho linanitoka. Baba yake alishafariki. Mama yake alikuwa Kiswere kwenye nyumba yao ya zamani, na yeye alikuwa anaishi hapa mjini kwa kaka yake mkubwa, ambaye ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwoza. Kaka huyo anapima korosho ghalani.

Nikampelekea habari baba yangu mdogo. Ni mshona kanzu, cherehani yake iko barazani kwake, na kwa maneno matamu hana mpinzani mtaani. Ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Alikwenda na barua ya posa imefungwa ndani ya leso, akarudi na jibu la kawaida kwamba wameipokea na wanaomba muda wa kuulizia. Kuulizia ni kutuma mtu mpaka kwenu, akae na majirani, asikilize. Nikaanza kuwakumbuka majirani wote wa Kipatimu mmoja mmoja, nani nilimwangulia maembe yake utotoni, nani alinikuta navuta sigara nyuma ya shule ya misheni.

Na huku kila Alasiri nakaa kiti cha pili kutoka kwake.

Kabla ya posa nilikuwa namwita "bro" kama wote. Baada ya posa sikujua nimwite nani. Shemeji ilikuwa bado, na bro ilionekana utovu wa adabu. Nikawa simwiti kabisa, nasubiri anitazame ndipo niseme. Wenzangu wakiingia na "mambo vipi", mimi natoa shikamoo, naye anaitikia marahaba taratibu, kama anayeusoma mzani. Akikohoa, nawaza ameletewa habari mbaya. Akicheka na dereva, nawaza wananicheka mimi. Akianguka kilimani namkimbilia kwa kasi kuliko zamani, na mara nyingi naacha bendera wazi tunafungwa kwa sababu yangu.

Ndipo vijana wa bandarini walipotutaka. Mechi Jumamosi, timu itakayoshindwa inawanywesha wenzao supu ya pweza. Dereva akanivuta pembeni.

"Wewe, mwambie yule mzee aiache ile bunduki. Tutaaibika."

"Kwa nini mimi?"

"Si shemeji yako?"

"Bado."

"Basi ndiyo umwambie sasa. Ukishaoa utaweza?"

Nilisema sitaki, lakini neno lilishanikaa. Nalisema leo bila kujificha: sikuwa naiwazia timu peke yake. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kukimbilia wengine. Nilikuwa naijua bunduki ile kwa macho, naona pale alipopaswa kulenga, kidole kinaniwasha. Nilitaka siku moja nikae juu, nitulie, niwe mtu wa kuogopwa.

Jumatano baba mdogo alikuwa anajiandaa kwenda kwa walii kuuliza kwa upole kama kuulizia kumekamilika. Nilimkuta anakata uzi kwa meno.

"Baba mdogo, ukiwa kule, kuna na lingine dogo."

Nikamweleza. Nilimwambia aseme kwa adabu zote kwamba Jumamosi tunaomba yeye abebe mkoba wa dawa, mimi niachiwe bunduki ndefu. Aliniacha nimalize, halafu akaiweka kanzu chini.

"Mwanangu, mshenga hapeleki maombi mawili. Nimeomba mke sijajibiwa, nikiomba na kingine wataona tumeanza kuwapima. Kwani huna mdomo? Ya mchezo si unasema mwenyewe?"

"Siwezi, baba mdogo. Nitamwambiaje?"

Na kweli sikuweza. Mtu ambaye barua yangu iko ndani ya sanduku lake, nimwambie hajui kulenga? Kila neno la kwangu kwake lilikuwa limeshapita kwa baba mdogo, nikaona na hili lipite huko huko. Nilijiona nina busara kabisa. Baba mdogo akatikisa kichwa, akasema mtaka yote hukosa yote, akavaa kofia yake akaenda.

Alirudi uso umemshuka. Hakuketi.

"Alikuwa anacheka vizuri," akasema. "Kahawa imeletwa, kashata imeletwa. Nikauliza la kwanza, akasema, subirini kidogo, liko karibu. Nikaleta la bunduki. Akaweka kikombe chini. Akaniuliza, 'Yeye mwenyewe ndiye ameomba bunduki?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Haya, nimesikia.' Basi. Nilipoaga hakunisindikiza mpaka nje."

Ukitoka nyumba ya watu hawajakusindikiza, hata hatua tatu, jua umeharibu. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza. Baba mdogo hakunilaumu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Alhamisi na Ijumaa hakuonekana chumba cha gemu. Dada yake akanitumia ujumbe mmoja, "Umemwambia nini kaka?" Niliandika majibu sita nikayafuta yote. La saba nikauliza, "Amesema nini?" Hakujibu. Kazini nikamuunguzia mama mmoja kioo cha simu kwa chuma cha moto, nikamwekea kipya, hata yeye akanionea huruma akaniuliza kama nimefiwa. Nilimwambia bado, akanishangaa.

Niliwaza namna zote. Kwamba nimemvunjia heshima mtu mzima kwa kumtumia mtu mzima mwenzake aje kumwambia hana shabaha. Kwamba ameona mimi ni wa kuweka masharti, leo bunduki, kesho nini. Kwamba mtu wao ameshafika Kipatimu na amekutana na yule mzee wa maembe. Kila namna niliyoiwaza ilikuwa na uzito wake, lakini ile yenyewe sikuiwaza.

Jumamosi Alasiri nikaingia chumbani kama mtu anayepelekwa mahakamani. Vijana wa bandarini walikuwa wameshakaa upande wao, wanacheka. Feni inazunguka, haipozi kitu. Dereva na mwalimu wakawa hawanitazami. Nilikuwa nimeomba Mungu yule mkubwa wetu asije, kisha nikaogopa asije kweli, maana asipokuja ndilo jibu.

Akaja. Nikasimama, nikatoa shikamoo.

"Marahaba," akasema, akakaa kiti chake.

Skrini ya kazi ikafunguka. Sote tukasubiri abonyeze, kama kawaida. Akapeleka mausi taratibu mpaka kwenye mkoba wa dawa, akabonyeza, kisanduku kikawa cha kijivu. Bunduki ndefu ikabaki pale inang'aa. Dereva akachukua yake, mwalimu yake. Kilibaki kisanduku kimoja tu, na hata kama ningetaka kingine nisingekipata.

Nikabonyeza.

Nitasema ukweli, dakika za mwanzo nilisahau kila kitu. Nilipanda kilima nikalala inavyotakiwa, nikamdungua wa kwanza, nikamdungua wa pili. Dereva akapiga yowe. Lakini darubini inakuonyesha mbali na wenzako pia. Nikamwona mganga wetu kule bondeni anahangaika, anagonga kuta, kibastola kinaangalia juu. Mwalimu akaanguka, nikamwona mganga anazunguka kumtafuta upande usio wake, sekunde zinakwisha, mwalimu akapotea. Halafu akapigwa mwenyewe. Nilimtazama ndani ya kile kiduara, amelala, mkoba pembeni. Mganga akianguka hana wa kumwinua, anasubiri tu mpaka muda uishe arudi upya. Nilikuwa na bunduki bora kuliko zote uwanjani na sikuwa na cha kumfanyia.

Tukafika dakika za mwisho tukiwa sare. Mganga wetu alisharudi mchezoni, akasimama kwenye bendera na dereva. Hapo ndipo mmoja wa bandarini alipopanda kilima kwa nyuma, akaniangusha.

Skrini yangu ikawa nyekundu. Ishirini. Kumi na tisa. Nikamwona anaiacha bendera.

Nilitaka kumwambia asije, abaki, bendera ndiyo mechi. Akaja anapanda, anakwama kwenye jiwe, anarudi nyuma, anapanda tena. Kumi. Tisa. Alifika juu zimebaki saba, akasimama kichwani kwangu.

"Kitufe gani?" akauliza.

"F," nikasema. "Shikilia."

Hakushika. Aliondoa mkono kwenye kibodi, akageuza kiti, akanitazama mimi wa kweli.

"Mwaka mzima nikianguka ulikuwa unakuja," akasema. Sauti yake haikuwa ya juu. "Hata pale usipotakiwa kuja, ulikuwa unakuja. Baba yako mdogo alipoleta barua, nikampigia mama kule Kiswere, nikamwambia hakuna haja ya kutuma mtu mpaka Kipatimu, mimi nimeshaulizia. Namwona kila siku."

Kwenye skrini yangu sekunde zikaisha. Sikuziangalia.

"Halafu unanitumia mtu mzima, ndani ya posa ya dada yangu, umechoka na mkoba, unataka bunduki ya kukaa mbali."

Vijana wa bandarini walishachukua bendera. Walipiga kelele kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu upande wetu hakuna aliyekuwa anacheza. Mimi uso ulikuwa unawaka. Siku zote zile nilidhani ananiona sijui adabu. Alikuwa ameniona nilivyo, na hilo lilikuwa baya kuliko vyote nilivyoviogopa, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Nilichoka. Nilitaka kukaa mbali.

"Nisamehe, bro," nikasema. Lilinitoka hivyo hivyo, la zamani.

Adhana ikaanza. Mwenye chumba akaenda ukutani, swichi ikalia, skrini zote nane zikazimika pamoja. Kaka mtu akasimama, akajinyoosha kanzu.

"Hilo usinipe mimi hapa," akasema. "Mtume baba yako mdogo. Na safari hii apewe neno moja."

Supu ya pweza tulinunua sisi. Wanasema ilikuwa nzuri.

Baba mdogo alikwenda kesho yake na samahani yangu peke yake. Aliniuliza aongeze nini, nikamwambia asiongeze kitu. Alikaa huko muda mrefu mpaka nikamaliza kuhesabu vifungo vyote vya kanzu alizoziacha zimetundikwa. Aliporudi nilitazama miguu yake kwanza, halafu nyuma yake. Yule mpima korosho alikuwa amemsindikiza mpaka kwenye kona ya mtaa wetu, na alikuwa bado amesimama pale.

Ndoa ilifungwa nyumbani kwake baada ya sala ya Ijumaa. Niliketi kwenye mkeka, magoti kwa magoti na yeye, mkono wangu wa kulia ndani ya mkono wake, sheikh pembeni, na watu wa Kipatimu na wa Kiswere wametuzunguka. Sheikh akamwambia aseme. Maneno yale ni ya walii, na mimi kazi yangu ilikuwa kungoja kisha kujibu. Akafungua mdomo, akaufunga. Mkono wake ulikuwa na jasho kama wangu.

Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, siwezi kujizuia. Ishirini, kumi na tisa, kumi na nane. Dereva bodaboda nilimwona kwa pembe ya jicho anauma midomo. Kumi. Tisa. Hakuna mwingine kwenye chumba kile aliyepewa kuyasema maneno yale, si sheikh, si baba mdogo na maneno yake yote. Nilifika nne ndipo aliposema amenioza dada yake.

Nilijibu nimekubali kabla hajamaliza kutaja jina, na sheikh akaniambia nitulie, nirudie taratibu.